Kaare Klint: Bingwa wa samani aliyekiazima kiti cha safari

JINA la Kaare Klint si maarufu miongoni mwa maseremala wanaopanga viti, meza na vitanda vyao kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela. Hata hivyo, kiti kimojawapo kati ya vile vilivyompa sifa duniani kina nasaba na mbuga za eneo hili, na hadi leo kinauzwa Ulaya kwa jina la Kiswahili: Safari.

Klint, anayetambuliwa kuwa baba wa samani za kisasa za Denmark, alizaliwa tarehe 15 Desemba 1888 huko Frederiksberg, kandokando ya jiji la Copenhagen. Babake, Peder Vilhelm Jensen-Klint, alikuwa msanifu majengo mwenye heshima kubwa nchini humo. Kijana alianza kwa kujifunza uchoraji wa picha, kisha akavutwa na kazi ya mzazi wake.

Mwaka wa 1914, akiwa na umri wa miaka 25, alishirikiana na msanifu Carl Petersen kutayarisha samani za jumba la makumbusho la mji wa Faaborg. Walihitaji kiti chepesi ambacho mgeni angeweza kukibeba mwenyewe hadi mbele ya picha aliyotaka kuitazama. Klint alikitia mgongo wa henzirani iliyofumwa wazi wazi, ili kiti kisiyafiche marembo ya sakafu. Tayari hapo tabia yake ilionekana: aliuliza kwanza kitu kitatumiwa na nani, wapi na kwa kazi gani, ndipo akaichukua kalamu.

Mwaka wa 1924 alianza kufundisha usanifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmark, na pengine hapo ndipo mchango wake ulipo mkubwa kuliko hata viti alivyoviacha. Wanafunzi wake hawakuruhusiwa kukaa na kubuni maumbo kutoka kichwani. Aliwapeleka kupima samani za kale, kipande kwa kipande, wakachora kila kiungo hadi walipoelewa kwa nini fundi wa zamani alifanya alivyofanya.

Kisha aliwaelekeza wapime watu. Je, mtu aketipo, goti liko umbali gani kutoka sakafuni? Mkono hufika wapi juu ya meza? Aidha, walipima vitu vya nyumbani: shati lililokunjwa, sahani, vikombe, vijiko. Kabati la vyombo halikuchorwa mpaka vyombo vyenyewe vilipohesabiwa na kupimwa, ili pasiwe na nafasi ya bure ndani yake wala sahani isiyopata mahali.

Mwenye kukaa katika nyumba za kupanga za siku hizi ataielewa hekima hiyo upesi. Seti ya sofa hununuliwa kwa macho, ikafika mlangoni isipite, na ikiisha kupitishwa kwa taabu humeza sebule nzima hata mgeni hana pa kuweka mguu. Klint angeanza na mlango.

Ama kiti cha Safari, chanzo chake ni cha mbali zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, wahandisi wa jeshi la Uingereza waliokuwa na makao yao Roorkee, kaskazini mwa India, walianza kutumia kiti cha kambini ambacho kingeweza kufunguliwa chote na kufungwa kama mzigo mdogo. Wanajeshi walikwenda nacho kwenye vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Baada ya hapo kiti hicho kikawa sehemu ya vifaa vya mahema ya maofisa, masetla na wawindaji waliomiminika Afrika Mashariki.

Ikumbukwe kuwa safari za siku hizo zilikuwa misafara ya watu wengi. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliposhuka garimoshi katika kituo cha Kapiti Plains mnamo Aprili 1909, si mbali na ilipo Kitengela ya leo, alilakiwa na wapagazi zaidi ya 200. Mahema, masanduku, beseni za kuogea na viti, vyote vilisafirishwa juu ya vichwa vya watu. Kiti kinachokunjika kilikuwa starehe ya aliyekikalia, na kwa aliyekibeba kilikuwa nafuu kidogo ya shingo. Majina ya wabebaji hao hayamo katika katalogi yoyote ya samani.

Katika miaka ya 1920 Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walijipatia umaarufu kwa filamu na vitabu vya picha za wanyama wa Afrika. Kwa miaka kadhaa, kati ya 1924 na 1927, walipiga kambi kando ya ziwa lililo ndani ya msitu wa mlima Marsabit, ambalo waliliita Ziwa Paradiso. Picha zao zilienea Marekani na Ulaya, na moja ya albamu zao ilimfikia Klint mjini Copenhagen. Wengine waliofungua kurasa hizo walitazama simba na ndovu. Yeye alitazama kiti.

Mwaka wa 1933 alitoa kiti chake. Miguu minne ilikuwa ya mbao za mti mgumu wa Ulaya uitwao ash, makalio na mgongo vya turubai au ngozi, na mahali pa kuegeza mikono palikuwa mikanda ya ngozi. Hakikuwa na msumari, parafujo wala gundi ya kushikilia viungo. Kila mguu ulitobolewa matundu, na ncha za pau zilichongwa zikapunguzwa ukubwa kuelekea mwisho, mfano wa kizibo cha mtungi. Mtu akiketi, uzito wake mwenyewe huvuta turubai na mikanda, nayo hukaza pau ndani ya matundu yake.

Kwa kuwa viungo havikugandishwa, kiti hicho kina adabu ambayo viti vingi vya thamani hawana: kikiwekwa juu ya ardhi yenye mashimo na mawe, miguu yake husogea kidogo na yote minne hugusa chini. Mgongo nao hucheza kufuata mgongo wa mtu. Hayo hayakuwa mapambo ya sebuleni bali mahitaji ya kambi, na Klint alikuwa na busara ya kutoyaondoa. Alichofanya ni kusahihisha vipimo, kusafisha umbo na kukikabidhi kwa mafundi wa karakana ya Rud. Rasmussen mjini Copenhagen.

Hapa wapo wanaouliza iwapo alistahili sifa ya ubunifu. Swali ni la haki, lakini Klint mwenyewe hakulikimbia. Falsafa yake ilikuwa kwamba watu wa kale walikuwa wamekwisha kutatua matatizo mengi, na kazi ya msanii ni kuyajua masuluhisho hayo na kuyaboresha. Kiti chake chekundu cha mwaka wa 1927 kilitokana na viti vya Waingereza wa karne ya 18. Wakati huo huo, wasanifu wengi wa Ujerumani na Ufaransa walikuwa wakishindana kupinda mabomba ya chuma na kuyapa mgongo mambo ya jana. Yeye alibaki na mbao.

Lawama, kama ipo, inafaa iangukie historia iliyofuata. Kiti kilichozoeleka katika kambi za nchi hii kimekuwa cha kifahari ng'ambo. Tangu mwaka wa 2011, karakana ya Rud. Rasmussen ilipochukuliwa na kampuni ya Carl Hansen & Søn, ndiyo kampuni inayokitengeneza, na bei yake ikigeuzwa hupita shilingi laki moja za Kenya. Huku kwetu viti vya kambi vya zamani, pamoja na samani za mbao nzito za mvule zilizokuwa katika nyumba na ofisi za miaka ya 1950 na 1960, vingi viliishia kuwa kuni au kutupwa nyuma ya stoo ili kupisha sofa za sponji na mbao za kubandika.

Babake Klint aliaga dunia mwaka wa 1930 akiacha kazi kubwa ya Kanisa la Grundtvig mjini Copenhagen, iliyoanza mwaka wa 1921, bila kukamilika. Mwana aliichukua na kuimaliza mwaka wa 1940. Mwaka wa 1936 alichora viti vya kukaliwa na waumini badala ya mabenchi marefu yaliyozoeleka: viti vyepesi vya mbao, vyenye makalio ya kusukwa kwa mkono, na nyuma yake mahali pa kuwekea kitabu cha nyimbo.

Kutokana na kiti hicho cha kanisani, mwanafunzi wake Børge Mogensen alipata wazo la kiti cha mwaka wa 1947 kilichokuja kuitwa kiti cha wananchi. Mogensen alikuwa akiongoza ofisi ya samani ya FDB, muungano wa vyama vya ushirika wa Denmark. Lengo la ushirika huo lilikuwa kwamba familia ya mfanyakazi wa kawaida ipate kiti imara kilichopimwa sawasawa, kwa bei ambayo ingeimudu. Somo la kupima goti na sahani, lililoanzia katika darasa la chuo, likafika jikoni mwa watu wasiomjua mwalimu.

Klint alipandishwa cheo kuwa profesa mwaka wa 1944. Si wote waliomfuata. Finn Juhl, ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wake katika samani, aliona mbao zinaweza kuchongwa kwa uhuru zaidi, kama sanamu, na viti vyake vya miaka ya 1940 viliwaudhi wafuasi wengi wa Klint kabla ya dunia kuvipenda.

Kaare Klint alifariki tarehe 28 Machi 1954 mjini Copenhagen akiwa na umri wa miaka 65. Martin Johnson alikuwa amefariki katika ajali ya ndege mwaka wa 1937, na Osa mwaka wa 1953. Kiti cha uprofesa alichoacha Klint kilirithiwa na mwanafunzi wake, Ole Wanscher, ambaye mwaka wa 1957 alitoa kigoda cha kukunjwa chenye umbo la msalaba. Nacho alikichora kwa kufuata kigoda cha Kiafrika, safari hii cha Misri ya kale.