Stradivari: Fundi wa fidla ambaye jina lake limewaponza wanunuzi wengi

Huko Ulaya na Marekani hakukosi mtu anayekuta fidla kuukuu stoo kwa babu yake. Anachungulia ndani, anaona kikaratasi chenye jina la Stradivari, mji wa Cremona na mwaka wa 1700 na kitu. Moyo unamwenda mbio. Anaanza kuhesabu mamilioni kabla hata hajaifuta vumbi.

Mara nyingi sana, anachokuwa ameshika ni fidla ya bei ya chini iliyotengenezwa karne ya 19 au ya 20. Kikaratasi kipo, ila mkono wa fundi haupo.

Huyo fundi alikuwa nani hasa?

Kijana kwenye kivuli cha Amati

Antonio Stradivari alizaliwa kaskazini mwa Italia karibu mwaka 1644. Alifanya kazi Cremona, mji ambao tayari ulikuwa na jina kwa fidla, ala ileile tunayoisikia kwenye taarab. Enzi hizo ukitaka fidla nzuri, jina la kwanza lilikuwa Nicolò Amati. Familia yake ilikuwa kwenye kazi hiyo tangu karne iliyotangulia.

Mwaka 1667 Stradivari alimuoa Francesca Feraboschi, na mwaka 1680 akanunua nyumba jirani na kanisa la San Domenico. Hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwake na karakana yake. Amati alipofariki mwaka 1684, Stradivari alikuwa na miaka kama 40, na fidla zake bado zilifanana na za mzee huyo.

Wateja wakubwa waja

Wateja hawakumfuata kwa sababu ya jina. Walifuata kazi. Mwaka 1690 alitengeneza vyombo vitano kwa ajili ya Ferdinando de' Medici, mwana wa mtawala wa Toscana. Miaka hiyohiyo akaanza kuachana na umbo la Amati. Alirefusha fidla, akabadilisha vipimo, kisha baadaye akarudi kwenye umbo fupi kidogo. Yaani jamaa alikuwa tayari ni fundi mkubwa, lakini bado anajaribu.

Fidla zinazosifiwa zaidi alizitengeneza kuanzia mwaka 1700 hivi mpaka miaka ya 1720, akiwa na umri wa kati ya miaka 56 na 80. Hakutengeneza fidla tu. Kuna selo, viola, magitaa, hata kinubi. Inakadiriwa alitengeneza vyombo zaidi ya 1,000, na vilivyobaki ni karibu 650.

Wanawe wawili, Francesco na Omobono, walifanya kazi naye karakanani. Mzee hakustaafu. Zipo fidla za mwaka 1737, mwaka aliofariki akiwa na miaka kama 93.

Kaburi la mkono wa pili

Licha ya utajiri wake, kaburi la familia alilinunua mwaka 1729 kutoka kwa familia nyingine, ndani ya San Domenico. Karne ya 19 kanisa hilo lilibomolewa na mifupa ikachanganyika. Leo hakuna anayeweza kuonyesha mabaki yake.

Francesco na Omobono walifariki miaka michache tu baada ya baba yao. Mtoto mwingine, Paolo, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Ndiye aliyeuza vifaa na kalibu za mzee, na nyingi kati ya hizo sasa zipo makumbusho ya fidla Cremona.

Jina likabaki, likatumiwa

Karne ya 19 warsha za Ujerumani, Ufaransa na Bohemia zilitengeneza fidla kwa maelfu na kubandika ndani jina la Stradivari. Wengine walitaka tu kuonyesha wamefuata umbo lake. Wengine, tuseme ukweli, walitaka hela. Ukiona kikaratasi kimeandikwa pia kwamba fidla imetengenezwa Ujerumani, ujue imetoka enzi za viwanda, si karakana ya Cremona.

Na kishawishi ni kikubwa. Mwaka 2011 fidla yake ya mwaka 1721, iitwayo Lady Blunt, iliuzwa dola milioni 15.9. Fedha hizo zilikwenda kusaidia waathirika wa tetemeko na tsunami nchini Japani.

Hata hivyo, jina peke yake halipigi muziki. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wapigaji fidla 10 mahiri walipewa fidla 12, mpya sita na za kale sita, zikiwemo za Stradivari, bila kujua ipi ni ipi. Sita kati yao walichagua mpya.

Somo kwa mnunuzi wa leo

Iwe unanunua fidla, udi au gitaa la kuchongwa kwa mkono, usianze na kikaratasi. Muulize fundi alijifunza kwa nani. Omba kupiga vyombo viwili au vitatu alivyotengeneza. Tafuta waliovinunua miaka mitano iliyopita, uone kama mbao zimepasuka au gundi imeachia. Kama chombo ni cha kale, mpelekee mtaalamu asiye na faida kwenye mauzo hayo.

Wateja wa Stradivari mwenyewe walimpata hivyohivyo, kwa kuangalia kazi. Alikuwa bado hajawa jina la kubandika.