Daktari Trowell na Makapi Tunayoyatupa

Hapa kwetu Ekero, karibu na Mumias, mtu akifariki ghafla kwa maradhi ya moyo, waombolezaji husema kwamba hayo ni ya ukoo wao, kwani hata babake alikwenda hivyo hivyo. Neno ukoo likishatamkwa, mjadala hufungwa na jamaa waliobaki husubiri zamu yao. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu, lakini najua jinsi neno moja linavyoweza kuifunga akili. Ndiyo sababu naona yafaa tuyakumbuke maisha ya Daktari Hugh Trowell.

Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1904, akaja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni, kisha akahamia Uganda. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, alitibu na kufundisha hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Alisifika kwanza kwa utafiti wake juu ya kwashiakoo, maradhi ya watoto wenye utapiamlo. Lakini jambo jingine lilimshangaza: miongoni mwa Waafrika aliowatibu, mshtuko wa moyo ulikuwa nadra mno. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha habari za Mwafrika mmojawapo wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao katika Afrika Mashariki. Alikuwa mtu wa cheo, mnene, aliyezoea mlo wa Kizungu.

Trowell aliporudi kwao akawa kasisi, ila swali hilo halikumwacha. Katika miaka ya 1970, akishirikiana na Denis Burkitt, tabibu mwingine aliyewahi kufanya kazi Uganda, alishikilia kwamba unga uliokobolewa na sukari huleta madhara, na kwamba nyuzinyuzi za nafaka, maharagwe na mboga huukinga mwili. Alifariki mwaka 1989.

Tangu hapo sayansi imeongeza mengi. Ni kweli kwamba wapo wanaozaliwa na jeni zinazowazidishia hatari. Hata hivyo, mwaka 2011 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba athari ya jeni za aina hiyo hupungua sana kwa watu wanaokula matunda na mboga mbichi kwa wingi. Mbegu ni ya ukoo. Udongo ni wa mlaji.

Nasi je? Ugali wa wimbi na mtama, mrenda na kunde, vinazidi kuachia nafasi unga mweupe, chipsi na chai yenye sukari tele. Hata lugha yetu inadharau kinachotufaa: anayesema upuuzi tunamwambia anaongea pumba, na makapi kwetu ni kitu cha kutupwa.

Aliyerithi moyo dhaifu asijihesabu marehemu. Yeye hasa ndiye anayepaswa kupimwa shinikizo la damu mapema, kuachana na sigara na kuiangalia sahani yake kila siku.