Athanasius: askofu wa Misri aliyefukuzwa mara tano

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ni mada chache za dini zinazozusha ubishi kama Utatu Mtakatifu. Wakatoliki waliofungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911 walilileta fundisho hilo kama jambo lililokwisha kuamuliwa zamani. Waadventista Wasabato, walioingia Nyanchwa muda mfupi baadaye, walikuwa na historia tofauti. Baadhi ya waasisi wa kanisa lao huko Marekani, akiwamo Joseph Bates na James White, hawakuukubali Utatu. Ni mwaka 1931 ambapo kanisa hilo liliuchapisha miongoni mwa imani zake, na mwaka 1980, katika mkutano mkuu wa Dallas, likauthibitisha.

Si ajabu basi kwamba wapo wanaodai kuwa Utatu ulibuniwa na Kaisari Constantine mwaka 325, akawashurutisha Wakristo waukubali. Mwanafunzi akimletea mwalimu hoja hiyo darasani, ajibiwe nini? Kwa maoni yangu, afadhali asimuliwe maisha ya Athanasius.

Athanasius alizaliwa Misri karibu na mwaka 296, akalelewa katika mji wa Aleksandria. Alikuwa angali kijana wakati kasisi mmoja wa mji huo, Arius, alipoanza kufundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na kwamba kabla ya kuumbwa hakuwapo. Arius hakuwa mjinga wala mhuni. Alijua Maandiko, aliishi maisha ya kujinyima, na mafundisho yake aliyatungia nyimbo zilizoimbwa na mabaharia na wasaga nafaka. Nia yake ilikuwa kuulinda umoja wa Mungu.

Ugomvi ulipovuka mipaka ya Misri, Constantine aliwaita maaskofu Nikea. Athanasius alikwenda kama shemasi wa askofu wake, Alexander. Ni kweli kwamba kaisari alitia mkono: mkutano ulipoamua kuwa Mwana ana uungu uleule wa Baba, waliokataa kutia sahihi walipelekwa uhamishoni. Wanaomtaja Constantine huishia hapo, ilhali kisa ndipo kinapoanza. Baada ya miaka michache kaisari huyohuyo alimrejesha Arius, na alipokuwa akifa mwaka 337 alibatizwa na Eusebius wa Nikomedia, rafiki mkubwa wa Arius.

Athanasius alifanywa askofu wa Aleksandria mwaka 328. Wapinzani wake walimshtaki mbele ya baraza la Tiro mwaka 335 kwamba amemwua askofu mmoja, Arsenius, na kuukata mkono wake kwa ajili ya uchawi. Mkono mkavu ulionyeshwa barazani. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Athanasius alimleta Arsenius mwenyewe akiwa amefunikwa joho, akamfunua mkono mmoja, kisha wa pili, akauliza huo wa tatu umetoka wapi. Hata hivyo baraza lilimhukumu. Likaongezwa shtaka kwamba alitishia kuzuia meli za nafaka ziendazo Konstantinopoli, na hilo kaisari hakulivumilia. Alimpeleka Trier, katika nchi ya Ujerumani ya leo.

Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza kati ya mitano. Wa pili na wa tatu aliupata chini ya Constantius, mwana wa Constantine, wa nne chini ya Julian aliyeirudia miungu ya kale, na wa tano chini ya Valens. Kati ya miaka yake 45 ya uaskofu, takribani 17 aliimalizia ugenini au mafichoni. Usiku mmoja wa Februari mwaka 356 askari walilivamia kanisa alimokuwa akiongoza ibada. Alitoroka, akajificha jangwani miongoni mwa watawa.

Mkono wa Constantius ulitaka kufika hata Afrika Mashariki. Athanasius alikuwa amemweka Frumentius, mzaliwa wa Tiro aliyekulia katika jumba la mfalme wa Aksum, kuwa askofu wa kwanza wa Ethiopia. Kaisari aliwaandikia Ezana na Sazana, watawala wa Aksum, akiwataka wamrudishe Frumentius Aleksandria akachunguzwe na George, askofu aliyepewa kiti cha Athanasius. Hakuna ushahidi kwamba walitii. Sarafu za Ezana ziliacha mwezi na jua, zikapigwa chapa ya msalaba, na maandishi yake ya Kiyunani juu ya jiwe yanamtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Aksum haikuwa chini ya Roma, na hapakuwa na askari wa kaisari wa kumlazimisha.

Tusimfanye malaika. Athanasius alikuwa mkali wa maneno, na barua ya papiri ya wakati wake inaeleza jinsi wafuasi wake walivyowapiga Wakristo wa kundi jingine. Mwalimu asiwafiche wanafunzi jambo hilo. Vilevile ile Kanuni ya Imani inayoitwa kwa jina lake si yake. Ilitungwa kwa Kilatini muda mrefu baada ya kifo chake.

Hoja yake yenyewe haikuwa ya hesabu ya moja na tatu. Aliuliza kama kiumbe anaweza kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu, na kama Wakristo waliobatizwa kwa jina la Mwana wamekuwa wakiabudu kiumbe. Akiwa mafichoni aliitumia hoja iyo hiyo kuwajibu waliomkubali Mwana lakini wakamhesabu Roho miongoni mwa viumbe. Mwaka 362 aliita baraza Aleksandria, na hapo yule mzee mkali alikubali kwamba watu wanaweza kutumia maneno tofauti juu ya Utatu na bado wakawa na imani moja. Barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 ndiyo ya kwanza tuliyo nayo inayotaja vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tulivyo navyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Alifariki Mei mwaka 373 mjini mwake, wakati Valens, aliyewaunga mkono wapinzani wa Nikea, angali kwenye kiti cha enzi. Baraza la Konstantinopoli lililoithibitisha imani ya Nikea lilikutana mwaka 381, chini ya kaisari mwingine, Athanasius akiwa kaburini kwa miaka minane.