Ramazzini na Swali la Kazi

Meli ziingiazo Kilindini hupita karibu na Mama Ngina, na waliopumzika chini ya mibuyu huzitazama bila kujua zimebeba nini. Hata hivyo, bandari haikosi shehena za kemikali, na kuna watu ambao riziki yao ni kuzipakua, kuzihifadhi na kuzitumia. Nami niwazapo hatari yao, humkumbuka Bernardino Ramazzini.

Daktari huyu alizaliwa mwaka 1633 mjini Carpi, Italia. Alipokuwa Modena, alimwona mtu akisafisha shimo la choo cha nyumba yake kwa pupa, akapata kujua kwamba kazi ile huwaharibu macho waifanyao. Tangu hapo hakuona haya kuingia katika karakana. Mwaka 1700 alichapisha kitabu chake kuhusu maradhi ya wafanyakazi, na mwaka huohuo akahamia Chuo Kikuu cha Padua. Alifariki mwaka 1714.

Ramazzini alionyesha kwamba sumu ina njia zake. Wafinyanzi waliosaga madini ya risasi ili kung'arisha vyombo waliivuta kwa pua, wakaimeza kwa kinywa, nayo ikawaganda mwilini. Mikono ikatetemeka, kisha ikapooza. Ndiyo maana aliwataka madaktari wamwulize kila mgonjwa kazi yake.

Sisi Waswahili huulizana habari za kazi kila siku. Lakini nikiwa mwalimu wa isimu, najua kwamba hiyo ni salamu tu: jibu lake ni nzuri, hata kwa mwenye kukohoa. Ramazzini aliifanya kuwa swali lenye kungoja jibu.

Tungalikuwa na desturi hiyo, pengine kilio cha Owino Uhuru, upande wa bara wa Mombasa, kingalisikika mapema. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka 2014, kilieneza risasi kwa moshi, vumbi na maji, ikawafikia hata watoto wasiokuwa na kazi humo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo mwaka 2024. Ila fidia haimrudishii mtoto afya yake.

Walimu wenzangu, tuwafundishe wanafunzi kwamba vumbi hufika nyumbani katika nguo za mzazi. Mtoto aumwapo tumbo, daktari na aambiwe pia baba na mama hufanya kazi gani.