Wilt Chamberlain: Pointi 100 bila kombe

UKIWA na straika anayetupia kila mechi unaona ubingwa ni wako. Wilt Chamberlain wa mpira wa kikapu alijua siyo hivyo.

Jitu hilo la mita 2.16 lilizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1936. Machi 2, 1962 alifunga pointi 100 dhidi ya New York Knicks, na msimu ule wastani wake ulikuwa 50.4 kwa mechi. Kombe? Lilikwenda kwa Boston Celtics, waliocheza kitimu.

Msimu wa 1966-67, akiwa Philadelphia 76ers, kocha Alex Hannum alimtaka apunguze kufunga, awagawie mipira kina Hal Greer na Chet Walker. Wastani ukashuka hadi 24.1, lakini timu ikashinda mechi 68 na kupoteza 13. Boston, mabingwa wa misimu 8 mfululizo, waking'olewa, kombe likatua Philadelphia.

Mwaka 1972 akabeba la pili na Los Angeles Lakers, akikaba zaidi na kufunga kidogo.

Alifariki 1999. Rekodi ya pointi 100 bado ipo, ila mataji yake yote mawili yalikuja alipokubali wenzake nao wafunge.