Santos-Dumont, Mtoto wa Shamba la Kahawa Aliyejitengenezea Ndege



Kama umekulia Karagwe au Kyerwa, harufu ya kahawa inayokauka uani uliijua kabla hujajua kusoma. Wengi wetu ada tumelipiwa na kahawa. Wengine tumeshuhudia wazazi wakiuza butura, yaani kahawa inauzwa ikiwa bado ua mtini, kwa sababu mtoto anadaiwa shuleni. Na wengi wetu tukimaliza shule tunaishia kwenye pikipiki: ama unaiendesha, ama unaitengeneza.

Ukienda kwa fundi pale Omurushaka na pikipiki iliyogoma, kitu cha kwanza anafungua plagi. Anaigusisha kwenye chuma cha injini, anapiga kiki, anaangalia kama inatoa moto. Ikitoa, anahamia kwenye kabureta. Isipotoa, anafuata waya mpaka kwenye koili. Kazi ya kawaida kabisa. Leo nataka niwasimulie maisha ya mtu aliyeifanya kazi hiyo hiyo akiwa angani, juu ya mapaa ya Paris, akiwa peke yake. Naye alikuwa mtoto wa shamba la kahawa, Mkatoliki, na mwisho wake ndio ulionifanya niandike. Naomba usome mpaka chini.

Alberto Santos-Dumont alizaliwa tarehe 20 Julai 1873 huko Minas Gerais, Brazili. Baba yake, Henrique Dumont, alikuwa mhandisi, kisha akawa mmoja wa wakulima wakubwa wa kahawa karibu na Ribeirão Preto. Shamba lilikuwa na mamilioni ya mibuni, na reli yake lenyewe ya kubebea kahawa. Tusifiche kitu: enzi hizo kahawa ya Brazili ilikuwa ikilimwa kwa jasho la watumwa, mpaka tarehe 13 Mei 1888 Isabel, binti wa mfalme, alipotia sahihi sheria ya kukomesha utumwa. Shika jina hilo, tutakutana nalo tena.

Alberto alikuwa mdogo wa umbo na mpole, lakini mashine zilimvuta. Alipofika miaka 12 hivi alishakuwa anaendesha treni ya shambani. Kwenye mitambo ya kukobolea na kuchambua kahawa aliona kwamba chekeche zinazotikiswa huku na huku zinaharibika kila mara, ila zinazozunguka zinadumu. Hakuna aliyemtuma kuchunguza. Aliangalia tu, akaelewa, akaweka akiba kichwani.

Mwaka 1890 baba yake alianguka vibaya, akapooza upande mmoja. Shamba likauzwa, familia ikasafiri kwenda Ulaya kutafuta matibabu. Huko Paris kijana akaona kwa mara ya kwanza injini ya petroli, ndogo na nyepesi, akabaki amesimama. Mwaka 1892 baba alimpa urithi wake mapema na kumshauri asihangaike na vyeti, bali atafute walimu wa fizikia, kemia, mitambo na umeme, kwa kuwa dunia inayokuja itaendeshwa na mashine. Mwaka huo huo mzee akafariki. Alberto alikuwa na miaka 19.

Angeweza kuzila zile hela akaisha. Si tunawajua waliouza shamba la baba wakamaliza pesa kwa miezi 6? Yeye alitafuta mwalimu, akakaa chini kusoma.

Mwaka 1898 alianza na maputo ya kawaida. Humo alibeba barometa, kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa, na kwa hicho akajua kama anapanda au anashuka. Ukiwa ndani ya wingu jicho halikusaidii na mwili unakudanganya. Unaweza kuamini umetulia kumbe unaanguka. Kifaa ndicho kinachosema ukweli.

Kisha akataka puto linaloongozwa na injini. Watu wakamwambia amechanganyikiwa. Puto lilijazwa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi, naye anataka kufunga chini yake injini inayotoa cheche! Alichukua injini za baiskeli ya matairi matatu ya De Dion-Bouton, aina iliyowashwa kwa betri na koili. Akaziunganisha mbili ziwe kama moja, akaelekeza ekzosi chini, mbali na gesi. Alikuwa na hofu pia kwamba mtikisiko wa injini ungevunja kila kitu hewani. Basi alfajiri moja alikwenda kwenye msitu wa Bois de Boulogne, akaning'iniza ile baiskeli kwa kamba kwenye tawi la mti, akapanda, akawasha. Mtikisiko ukawa mdogo kuliko ardhini. Akarudi nyumbani na furaha yake.

Mwaka 1901 kulikuwa na zawadi ya faranga 100,000 kwa atakayeruka kutoka Saint-Cloud, auzunguke mnara wa Eiffel na kurudi ndani ya dakika 30, jumla kama kilomita 11. Mwezi Julai alijaribu akaishia juu ya mti. Karibu na hapo aliishi yule Isabel, aliyekuwa uhamishoni baada ya ufalme wa Brazili kuangushwa. Akampelekea chakula pale pale, na siku chache baadaye akamtumia medali ya Mtakatifu Benedikto. Alberto akaifunga mkononi. Tarehe 8 Agosti akaanguka tena, safari hii kwenye majengo ya hoteli huko Trocadéro, akabaki ananing'inia mpaka zimamoto wakamvuta kwa kamba. Jioni ile ile akaagiza chombo kingine kianze kutengenezwa.

Tarehe 19 Oktoba 1901 akaruka tena. Kwenda kulikuwa kwepesi. Alipouzunguka mnara na kugeuka, upepo ukawa usoni, na injini ikaanza kukohoa. Hebu fikiri: chini kuna umati, saa inakimbia, na pikipiki yako ndiyo inakushikilia hewani! Aliacha usukani kwa muda, akashughulika na kabureta na mkono wa kurekebisha cheche, mpaka injini ikachanganya. Akamaliza. Waamuzi wakabishana kuhusu sekunde, kwa kuwa kamba yake ilidakwa chini baada ya dakika 30 kupita, lakini mwishowe zawadi akapewa. Pesa zile hakubaki nazo. Aliwagawia mafundi wake na maskini wa Paris.

Saa ya mkononi tunayovaa leo ina uhusiano naye pia. Mikono yote miwili ikiwa kazini, utatoaje saa mfukoni? Alimlalamikia rafiki yake Louis Cartier, naye akamtengenezea saa ya kufunga mkononi. Ikawa kifaa chake cha kupimia safari.

Baadaye akageukia ndege yenye mabawa. Ndugu Wright wa Marekani walikuwa wamesharuka tarehe 17 Desemba 1903, ila wengi Ulaya walikuwa hawajawaona. Tarehe 23 Oktoba 1906 Alberto aliruka kama mita 60 mbele ya watu, na tarehe 12 Novemba mita 220 kwa sekunde 21 hivi. Kisha akaunda ndege ndogo iliyoitwa Demoiselle: mianzi, kitambaa cha hariri, injini juu, rubani chini yake, uzito kama kilo 110. Hakuidai hati miliki. Mwaka 1910 michoro yake ilichapishwa kwenye jarida la Marekani la Popular Mechanics, ili yeyote mwenye mikono ajitengenezee. Ndiyo maana wanaojenga ndege kwenye gereji zao mpaka leo wanamhesabu kama mzee wao.

Mpaka hapa ni hadithi tamu. Ningeweza kuishia hapa nikaandika kwamba jitume na Mungu atakuinua. Lakini huo ungekuwa uongo wa nusu.

Mwaka huo wa 1910, akiwa na miaka 36 tu, afya ilianza kumwangusha, akaacha kuruka. Vita ya 1914 ilipoanza, majirani zake Ufaransa walimshuku kuwa mpelelezi wa Wajerumani kwa sababu alikuwa na darubini. Kwa uchungu akachoma karatasi zake. Kilichomuumiza zaidi ni kuona ndege, kitu alichokitoa bure kwa binadamu wote, kinadondosha mabomu. Mwaka 1926 aliandikia Shirikisho la Mataifa kuomba ndege zisitumike vitani. Hakusikilizwa. Desemba 1928 alikuwa anarudi Rio de Janeiro kwa meli, na ndege yenye jina lake ikaja kumlaki ikiwa na rafiki zake. Ikaanguka baharini mbele ya macho yake, wote waliokuwemo wakafa. Alihudhuria mazishi. Huzuni ikazama ndani, akaanza kujiona ana hatia ya kila ajali na kila bomu.

Mwaka 1932 vita ya wenyewe kwa wenyewe ilizuka Brazili, na ndege zikapita juu ya mji wa pwani alikokuwa akipumzika. Tarehe 23 Julai, siku 3 baada ya kutimiza miaka 59, Alberto Santos-Dumont alijiua.

Nimeandika haya kwa sababu parokiani kwetu tulimpoteza kijana kwa njia hiyo hiyo. Msibani watu walinong'ona. Mmoja aliuliza kama inafaa kumwombea. Mwingine akasema huyo tayari amejihukumu. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, anasikia yote.

Tuelewane. Kanisa linafundisha kwamba uhai ni wa Mungu, si wetu kuukatisha, hilo halijabadilika. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, kwenye namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba hofu kubwa, mateso au ugonjwa wa akili hupunguza wajibu wa mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao, na kwamba Kanisa linawaombea. Kwa hiyo jibu la yule aliyeuliza ni ndiyo, anaombewa. Mtie kwenye nia za misa, mtaje kwenye rozari ya jumuiya. Na ukikaa karibu na mama yake, funga mdomo kama huna neno la faraja.

Na wewe unayesoma hii usiku, simu kifuani, ukiona kama cheche inazima? Labda ni deni la boda, labda mtihani, labda mimba, labda kahawa imeshauzwa butura na shetani anakwambia umekwisha. Sikiliza. Kwenye ndege nyingi ndogo za leo kila silinda ina plagi mbili, na magneti ziko mbili, hazitegemeani. Kabla ya kuruka rubani anazima moja, anasikiliza injini, anaiwasha, kisha anajaribu ya pili. Hiyo si kwa sababu haamini mashine yake. Anajua tu kwamba hakuna binadamu anayepaswa kuwa juu akitegemea cheche moja.

Sali, ndiyo. Lakini pia mwambie mtu. Mwambie padre, katekista, shangazi, msimamizi wako wa ubatizo, mwenzako wa VIWAWA. Nenda hospitali, ugonjwa wa moyo kuzama ni ugonjwa kama malaria, una wataalamu wake, na kutibiwa si kukosa imani. Nabii Elia alikaa chini ya mti akaomba afe, soma 1 Wafalme 19. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Na usiiamini huzuni inapokwambia huna thamani. Ile ni kama mwili wa rubani ndani ya wingu, unadanganya. Ukweli uko nje yako: ulibatizwa, ulinunuliwa kwa damu, hilo halishuki.

Kama wewe ni mzima leo, angalia wa pembeni yako. Kijana aliyekuwa anachangamka kijiweni na sasa hatoki ndani, mfuate. Usisubiri akuite.

Wiki hii naomba tuweke nia moja, kuanzia Kayanga mpaka Murongo na popote unaposoma. Bikira Maria wa Loreto, ambaye Papa Benedikto XV alimtangaza mwaka 1920 kuwa msimamizi wa warubani, awaombee Alberto, kijana wetu, na wote walioondoka wakiwa gizani. Ee Yesu mwema, wewe uliyetokwa jasho la damu bustanini unajua moyo unavyoweza kuelemewa. Wapokee. Na sisi tuliobaki, tufanye tuwe macho kwa wenzetu. Amina.

Ukimaliza kusoma, mpigie mtu mmoja. Usimtumie meseji. Piga, usikie sauti yake.