Isadora Duncan alisoma picha kwa mwili

Aghalabu tunapofundisha densi shuleni, humwonyesha mwanafunzi hatua zilizokwisha kuchezwa na wengine, naye akaziiga. Mimi naona kwamba kwa kufanya hivyo tunamnyima chemchemi nyingine ya ilhamu, nayo ni sanaa ya kutazamwa: picha, vinyago na nakshi. Maisha ya Isadora Duncan ni ushahidi wa kutosha.

Bibi huyu alizaliwa mwaka wa 1877 mjini San Francisco, Marekani, akalelewa na mama aliyefundisha piano. Mwaka wa 1899 alihamia London pamoja na jamaa zake, hali yao ikiwa ya ufukara. Yeye na kaka yake Raymond wakawa wanashinda katika makumbusho ya British Museum, wakichunguza mitungi ya Wagiriki wa kale iliyochorwa watu wakicheza na kukimbia. Baadaye alifanya vivyo hivyo Louvre, Paris.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Isadora hakutaka kuwa nakala ya mtungi. Alitambua kuwa kila mkao uliochorwa umekatwa kutoka katika mwendo mrefu zaidi. Basi akatafuta mwili ulikotoka na ulikokuwa ukielekea. Kwetu sisi wanaisimu, mkao huo ni kama neno lililong'olewa katika sentensi: maana yake haikamiliki mpaka sentensi irejeshwe. Mjini Florence, Italia, alikaa muda mrefu mbele ya picha ya Botticelli iitwayo Primavera, kisha akatunga densi iliyotokana nayo. Alicheza pekupeku, amevaa vazi jepesi, wakati ambapo baleti iliwabana wachezaji kwa kanuni na viatu vigumu.

Mwaka wa 1904 alifungua shule huko Grunewald, Berlin, ambako watoto walifundishwa bila malipo. Mwaka wa 1913 watoto wake wawili walikufa maji gari lilipotumbukia katika mto Seine. Msiba huo haukumfanya aache ualimu. Mwaka wa 1921 alianzisha shule nyingine Moscow. Alifariki mjini Nice, Ufaransa, mwaka wa 1927, shali yake iliponaswa na gurudumu la gari.

Mwaka uo huo wa 1913 ulifunguliwa ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées, Paris. Mchongaji Antoine Bourdelle alikuwa amemchonga Isadora katika mawe ya ukuta wake wa mbele. Densi iliyozaliwa na mchoro ikarudi kuwa sanaa ya kutazamwa.

Kwa hivyo mwalimu anayetaka ngoma mpya asitosheke na kuwakaririsha wanafunzi hatua za washindi wa mwaka uliopita. Awape picha moja, awaulize mwili huo ulikuwa wapi kabla ya kuchorwa, na unaelekea wapi. Watakaposimama kujibu, hiyo ndiyo itakuwa densi yao wenyewe.